Kabla Tingatinga Halijafika

Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilikusudia kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Lingekuwa na ofisi, makao ya gazeti la chama tawala, kumbi, maduka na maegesho ya magari, na mbele yake sanamu ya rais. Mradi ulikuwa wa Kenya Times Media Trust, ushirika wa chama hicho, KANU, na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, na gharama yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 200. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipopata habari hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa barua: kwa Kenya Times, kwa ofisi ya rais, kwa tume ya jiji, kwa mkuu wa mkoa, kwa wizara ya mazingira, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa balozi wa Uingereza, ambaye aliulizwa kama watu wa London wangekubali jumba la namna hiyo Hyde Park.

Alijibiwa kwa kejeli. Bungeni wenzake wa shirika lake, Green Belt Movement, waliitwa kundi la wanawake walioachika, na muda si mrefu shirika likaamriwa kuhama ofisi yake kwa notisi ya saa 24. Mahakama Kuu nayo ilitupa kesi yake Desemba mwaka huohuo, kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Yeye binafsi angedhurika nini? Kilichouvunja mradi hatimaye ni fedha. Wafadhili wa nje waliogopa kelele, jumba likapunguzwa mwanzoni mwa 1990, na uzio wa mabati ukang'olewa mwaka 1992.

Mlango aliofungiwa Maathai sasa uko wazi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inaongeza kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara. Wakazi wa leo huangushwa na mambo mengine mawili, nayo ni ya kawaida mno: wanachelewa, na wanasema kwa ujumla. "Hatulitaki jengo hili" si pingamizi ambalo ofisa wa mipango anaweza kulifanyia kazi. "Mtaro wa barabara yetu hufurika kila Aprili, na ripoti haionyeshi maji ya paa la jengo jipya yatapelekwa wapi" ni pingamizi, na ofisa akilipuuza atalazimika kueleza kwa nini.

Ofisi zina matatizo yake, tofauti na ya nyumba za kupangisha. Watu wake hufika kwa pamoja asubuhi na kuondoka kwa pamoja jioni, kwa hiyo barabara inayotosha saa nne asubuhi hukwama kabisa saa mbili. Maegesho huchimbwa chini ya ardhi, mara nyingi ghorofa mbili au tatu, kando kabisa ya ukuta wa jirani. Umeme ukikatika, jenereta kubwa za dizeli huwaka mchana kutwa. Usiku jengo ni tupu lakini taa na viyoyozi huweza kuendelea. Upper Hill ya Nairobi imeyaona yote haya. Kilima hicho kilikuwa cha nyumba za chini zenye bustani na miti. Leo kuna UAP Old Mutual Tower ya ghorofa 33, iliyokamilika 2015, na Britam Tower ya mita 200, iliyokamilika 2017. Barabara zilipanuliwa majengo mengi yakiwa yameshasimama, na anayefanya kazi huko anajua maana ya kupishana na malori ya ujenzi kwenye kona iliyochorwa kwa ajili ya magari machache ya familia.

Jambo la kwanza, basi, ni tangazo. Kwa Kenya, mwenye mradi anayetaka kubadilisha matumizi ya kiwanja, tuseme kutoka makazi kwenda biashara, hutakiwa kuutangazia umma, kwa kawaida gazetini na kwa bango kwenye kiwanja chenyewe. Bango hilo mara nyingi huwa dogo, maandishi yake yamebanwa, na hufungwa mahali ambapo mtu hulipita akiwa ndani ya matatu. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayepinga ana siku 14 tangu tangazo litolewe. Siku 14 ni chache. Jirani anayeliona bango Jumamosi, akasubiri mkutano wa chama cha wakazi mwisho wa mwezi, amekwishachelewa.

Bango lipigwe picha siku linapoonekana, simu ikionyesha tarehe, pamoja na mazingira yake ili ijulikane lilifungwa wapi. Picha hiyo ina kazi mbili: inaonyesha siku zilianza kuhesabiwa lini, na ikiwa bango liliwekwa nyuma ya kichaka au liling'olewa baada ya siku tatu, ni ushahidi kwamba umma haukuarifiwa ipasavyo. Kama jengo linaanza kuchimbwa na hakuna bango lililowahi kuonekana, hilo pia linafaa kuandikwa kwa tarehe.

Baada ya tangazo hilo, linalohusu kibali cha kaunti, au sambamba nalo, huja suala la tathmini ya athari kwa mazingira. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo hutoa leseni. Kwa miradi mikubwa ripoti kamili hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kawaida, na umma hupewa muda wa kutoa maoni, kwa kawaida siku 30. Ripoti hiyo si siri. Inaweza kusomwa katika ofisi za NEMA, na nakala huombwa. Mtu akizungushwa, anayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21.

Hapa pana mtego ambao wengi hunaswa: siku 21 za kusubiri habari ni nyingi kuliko siku 14 za kupinga. Asiyejua husubiri ripoti ndipo aandike, na muda humpita. Mkazi mwenye busara huandika pingamizi mara moja kwa yale anayoyajua, akataja kwamba ameomba ripoti na bado hajapewa, na kwamba ataongeza hoja akishaisoma. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na iwekwe. Barua pepe itumwe vilevile. Muhuri ule wa bluu una nguvu kuliko aya tatu za hasira.

Ripoti ikishapatikana, wengi huanza ukurasa wa kwanza na kuchoka kwenye ule wa thelathini, katikati ya maelezo ya hali ya hewa na historia ya jiji ambayo yamenakiliwa kutoka ripoti nyingine. Afadhali kuanza mwisho, kwenye viambatisho. Huko ndiko kwenye fomu za maoni ya majirani na orodha za mahudhurio. Nani alijaza? Si ajabu kukuta fomu ya nyumba fulani imejazwa na mlinzi wa getini au dada wa kazi, ambao maoni yao ni ya thamani lakini hawakuulizwa kwa niaba ya mwenye nyumba wala hawakuonyeshwa michoro. Si ajabu pia kukuta fomu zote zina mwandiko mmoja. Jirani aliyetajwa kwenye ripoti bila kuulizwa aandike barua fupi ya kusema hivyo. Barua mbili au tatu za namna hiyo zinatikisa ripoti nzima.

Ndiyo sababu mtu asiweke saini kwenye karatasi yoyote ya mkutano bila kusoma kichwa chake. Orodha ya waliohudhuria hugeuzwa kirahisi kuwa orodha ya walioafiki. Kando ya jina, mtu anaweza kuandika "nimehudhuria tu" na hakuna wa kumzuia.

Kesi ya Lamu inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni kwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 ambacho kampuni ya Amu Power ilitaka kukijenga huko. Shirika la Save Lamu na wakazi wakakata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla utafiti haujakamilika. Watu hawakupata nafasi ya kweli ya kuyajadili matokeo yenyewe. Mradi wa makaa ni mkubwa kuliko jengo la ofisi, lakini kanuni ni zilezile. Kanuni za tathmini za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Anayepinga jengo la ofisi na aanze kwa kuuliza: mikutano hiyo ilifanyika lini, wapi, kwa lugha gani, na watu walionyeshwa nini?

Utaratibu ukiisha kuchunguzwa, yanabaki mambo ya jengo lenyewe. Hapa penseli na hesabu ya shule ya msingi vinatosha kuliko wengi wanavyodhani.

Maji ya mvua ndiyo rahisi zaidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha nusu eka kina kama mita za mraba 2,000. Kilipokuwa bustani, sehemu kubwa ya mvua ilinywewa na udongo. Kikifunikwa chote kwa zege na vigae, mvua ya milimita 50, ambayo Nairobi huipata kwa alasiri moja mbaya, huleta lita 100,000 zinazotafuta njia. Waliokumbwa na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa maji hayo huenda wapi. Kwa hiyo swali kwa mhandisi wa mradi ni moja: tangi la kuzuia maji hayo lina ujazo gani, na yatatolewa kwa kasi gani kwenda mtaro upi? Kama ripoti inasema tu kwamba "mifereji ya kutosha itajengwa", haijajibu.

Majitaka yana hesabu yake. Wahandisi wa maji nchini Kenya hukadiria lita 25 kwa siku kwa kila mfanyakazi wa ofisi. Jengo la watu 2,000 litahitaji lita 50,000 kila siku ya kazi, sawa na maboza matano ya lita 10,000, na sehemu kubwa itatoka tena kwa njia ya choo. Bomba la majitaka la mtaa lililazwa wakati kila kiwanja kilikuwa na nyumba moja. Lina kipenyo gani? Kampuni ya maji imetoa barua ya kukubali mzigo huo mpya? Barua hiyo iombwe ionekane, maana mara kadhaa huwepo barua ya kusema tu kwamba maombi yamepokelewa.

Mwenye mradi atajibu kwamba maji atachimba mwenyewe. Visima virefu ni jawabu linalopendwa Nairobi, na kwa sababu hiyohiyo kina cha maji chini ya jiji kimekuwa kikishuka kwa miongo. Kisima kipya kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na majirani wenye visima vyao wana haki ya kuuliza umbali baina ya visima na matokeo ya jaribio la kupampu. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana madini ya floridi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo hata ofisi yenyewe huenda isiweze kuyanywa bila kuyasafisha.

Kivuli hakizungumzwi vya kutosha. Mtu aliyezoea vitabu vya Ulaya hudhani kivuli cha jengo huangukia upande mmoja mwaka mzima. Kwa Nairobi, iliyo karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo kivuli cha jengo huwafikia majirani wa pande zote mbili kwa zamu. Jengo la mita 70 hutupa kivuli cha kama mita 32 kuelekea kusini saa sita mchana mwishoni mwa Juni, mwezi ambao Nairobi ina baridi na jua lenyewe ni la kubahatisha. Asubuhi na jioni kivuli hurefuka mara nyingi zaidi, magharibi na mashariki. Mwenye paneli za sola juu ya paa, au kitalu cha mboga, au hata kamba tu ya kuanikia nguo, ana haki ya kuomba mchoro wa kivuli kwa miezi ya Machi, Juni na Desemba, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Msanifu majengo yeyote anaweza kuutoa kwa programu aliyonayo tayari.

Vioo navyo si urembo tu. Mwaka 2013 huko London, jengo la ofisi lililopo 20 Fenchurch Street, lenye ukuta wa vioo uliopinda kwa ndani, lilikusanya miale ya jua kwenye barabara ya chini na kuyeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililoegeshwa hapo. Wamiliki walilazimika kuongeza vizuizi vya jua mwaka uliofuata. Kama London yenye mawingu ilipatwa na hayo, mtaa wa Dar es Salaam au Mombasa una sababu ya kuuliza ukuta wa vioo utaakisi jua kwenye nyuso za nani saa tisa alasiri, na viyoyozi vya jengo hilo vitatoa joto lake upande gani.

Kuchimba ndiko kunakoleta ugomvi wa haraka zaidi kati ya majirani. Ukuta wa mtu ukipata ufa, mkandarasi atasema ufa ulikuwepo tangu zamani, na bila ushahidi hakuna wa kumkanusha. Dawa yake ni ya bei ndogo. Kabla tingatinga halijafika, kila jirani apige picha kuta zake zote, ndani na nje, na kila ufa uwekewe rula kando ili unene wake uonekane. Vizuri zaidi, mwenye mradi atakiwe kugharimia ripoti ya hali ya majengo ya jirani, ifanywe na mhandisi ambaye pande zote zimemkubali. Mkandarasi mwaminifu huifurahia ripoti hiyo kwa sababu inamlinda na yeye.

Ardhi iliyo kando ya mto ina hadithi yake. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi ndani ya mita zisizopungua sita na zisizozidi 30 kila upande wa mto, kwa kipimo cha mafuriko ya juu kabisa yaliyowahi kurekodiwa. Agosti 2018 majengo kama Ukay Centre ya Westlands na South End Mall yalibomolewa mchana kweupe kwa madai kwamba yalikuwa yamekalia ardhi ya mto. Mfano huo hufaa kumkumbusha mwekezaji, kwa sauti ya chini, kwamba anayemweleza mapema juu ya mto huenda anamwokolea fedha.

Miti nayo ihesabiwe kabla haijakatwa: aina, unene wa shina, picha. Mwaka 2020, barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkongwe wa Westlands uliokuwa ung'olewe uliokolewa kwa agizo la rais baada ya watu kupiga kelele. Mti mmoja wenye jina hutetewa kirahisi kuliko "mazingira", neno ambalo kila mtu huliunga mkono na hakuna anayelilipia.

Sasa mlango upi ubishwe? Uamuzi wa kaunti kuhusu kibali cha ujenzi au matumizi ya ardhi hukatiwa rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, tena ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA hukatiwa rufaa NET ndani ya siku 60. Jopo hilo halibanwi sana na kanuni za ushahidi za mahakama, na mkazi anaweza kufika mwenyewe bila wakili, ingawa akimpata wakili ni bora. Asidhani kwamba kukata rufaa peke yake kunasimamisha ujenzi. Aombe amri ya kuusimamisha, kwa maandishi, siku anayofungua rufaa. Jengo lililofika ghorofa ya nane ni vigumu kulishusha, hata kwa mwenye haki.

Kukosea mlango kuna gharama. Wakazi wa Kibos, Kisumu, walishinda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi dhidi ya viwanda vya sukari, pombe na karatasi walivyodai vinachafua mazingira. Baadaye Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa sababu malalamiko yalipaswa kuanzia kwenye vyombo vya mazingira, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaafiki kwamba walianzia pasipofaa, ingawa ilisema hoja za kikatiba zingeweza kuwekwa akiba. Sheria ya eneo hili bado inaendelea kufafanuliwa, na saa moja ya ushauri wa wakili wa mazingira mwanzoni ni rahisi kuliko miaka mitatu ya kesi iliyofunguliwa mahali pasipo pake.

Kwa msomaji wa Tanzania, vyombo vina majina mengine lakini njia inafanana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai Tathmini ya Athari kwa Mazingira na ushirikishwaji wa wananchi, na kazi huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako muhtasari wa kikao huandikwa. Muhtasari huo usomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Mahakama za huko nazo zimewahi kuwasikiliza wakazi wa kawaida: mwaka 1988 watu wa Tabata waliishinda halmashauri ya jiji la Dar es Salaam kuhusu dampo la taka. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na wakazi zaidi ya 700 wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda. Hukumu mbili, na taka bado zilikuwa zinahitaji mahali. Mtaa unaopinga ofisi unapaswa kujiuliza swali hilo gumu: jengo likihamia mtaa wa pili wenye watu maskini zaidi na wasio na wakili, nini kimeponywa?

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu kufutwa kabisa kwa mradi ni nadra, wakazi wengi hupata zaidi kwa kudai masharti. Ofisi huleta ajira, wateja kwa mama wa chakula na waendesha bodaboda, na kodi kwa kaunti. Kulikana hilo mbele ya ofisa kunaharibu hoja nyingine zote. Vijana wa mtaa wanaosubiri kazi za mjengo nao ni wakazi, na mwenye mradi anajua kuwatumia. Chama cha wakazi kinachowaacha nje ya mkutano kitawakuta upande wa pili wa ukumbi wakiwa wamevaa fulana za bure.

Ahadi za mkutanoni haziwafungi watu. Kisima cha umma, rangi ya shule, "tutawaangalia": yote hupulizwa na upepo siku mkandarasi anapobadilishwa. Linalofunga ni sharti lililoandikwa ndani ya leseni au kibali, lenye kipimo. Saa za kazi zitajwe. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana na 35 usiku kwa ujenzi katika maeneo ya makazi, kwa hiyo kumwaga zege usiku wa manane si haki ya mkandarasi bali ni jambo la kuombea ruhusa. Magurudumu ya malori yaoshwe kabla ya kuingia barabarani, na itajwe vumbi litamwagiwa maji mara ngapi kwa siku. Jenereta ziwe na sanduku la kuzuia sauti, na bomba la moshi lipande juu ya madirisha ya jirani. Idadi ya nafasi za kuegesha ipunguzwe na basi la wafanyakazi litakiwe badala yake. Msimamizi mmoja atajwe, mwenye namba ya simu itakayobandikwa langoni, na daftari la malalamiko likae mahali ambapo mkaguzi wa NEMA ataliona.

Leseni ikishatoka, chama cha wakazi kipate nakala yake na kiteue watu wawili wa kuisoma kila mwezi wakiwa wamesimama mbele ya jengo. Leseni ya NEMA huwa na miezi 24 ya kuanza mradi, na ikipita bila kazi kuanza, mambo hurudiwa. Michoro ikibadilika, leseni ya mabadiliko huhitajika, kwa hiyo watu hao wawili wajue idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na wahesabu slabu kadiri zinavyopanda. Ghorofa ya kumi na moja kwenye jengo la kumi ni barua ya siku hiyohiyo kwa NEMA, kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Na ndani ya miezi 12 tangu ofisi zifunguliwe, mwenye jengo anatakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira. Ripoti ya ukaguzi huo pia huombwa NEMA, na kurasa za kuanza nazo ni zile zenye vipimo vya maji yanayotoka kwenye mtambo wa majitaka na kiwango cha kelele za jenereta, vikilinganishwa na namba ambazo mwenye mradi aliziahidi kabla ya msingi kuchimbwa.